Kwaresima Yangu na Fundi Bomba

Jumatano ya Majivu

Padre amenikamata mlangoni mwa sakristia, majivu yangu yangali yanawasha kwenye paji la uso. "Mwalimu, nina katekumeni mmoja, mtu mzima, anabatizwa Mkesha wa Pasaka. Hana msimamizi. Nimekufikiria wewe."

Nikamwambia nimestaafu kufundisha. Akasema hii si kazi ya kufundisha, ni ya kutembea na mtu: kusoma Injili naye Jumanne na Ijumaa, kusali naye, kumsimamia siku yenyewe. Nikauliza ni nani.

Ni fundi bomba. Yule yule aliyetoboa ukuta wa jikoni kwangu siku kumi na moja zilizopita, akafunga maji ya sinki, akasema "naja sasa hivi." Hiyo sasa hivi bado haijafika.

Nilimweleza Padre yote haya kwa utaratibu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Eti, "Basi angalau mnafahamiana."

Nimekubali, sijui kwa nini. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne na sikuwahi kumkataa mwanafunzi. Lakini pia hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniachia tundu ukutani.

Nimetoa daftari la miraba lililobaki tangu shuleni. Nitaandika humu mpaka Pasaka. Labda itanisaidia nisigombe na watu kwa sauti.

Alhamisi

Nimeacha sukari kwenye chai. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamkaripia jirani wa juu kwa kuburuta kiti.

Ijumaa

Tulipatana saa nne. Kaja saa tano kasorobo, mikono mitupu.

"Vifaa viko wapi?" nikamuuliza.

"Leo nimekuja kwa ajili ya roho, Mwalimu. Siyo bomba."

Tukakaa kwenye meza ya jikoni, yeye amelipa mgongo lile tundu lake kama halijui. Tulisoma kuhusu Bwana kujaribiwa jangwani. Anasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, jasho linamtoka. Alipomaliza akauliza: "Huyu shetani mbona anayajua Maandiko kuliko mimi?"

Nikafungua kijitabu cha katekesi nikamsomea jibu. Akasikiliza kwa adabu zote.

"Hilo ni la kitabu. Wewe unaonaje?"

Nimekula chumvi miaka sitini na mmoja, nimesali tangu sijaota meno ya pili, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ninaonaje. Nikamwambia muda umekwisha.

Jumamosi

Maji ya kuoshea vyombo nabeba kwa jagi kutoka bafuni. Majagi sita kwa kutwa.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima

Mahubiri marefu. Nimesali Rozari jioni, na katika fumbo la tatu nikagundua nahesabu vigae vya sakafu. Viko mia moja na themanini na saba. Kimoja kina ufa.

Jumanne

Leo zamu ya Zakayo. Nilimchagulia mwenyewe, nikadhani habari ya mtu mfupi juu ya mti itakuwa nyepesi. Alisoma mpaka pale Zakayo anaposema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Kidole kikagoma hapo hapo.

"Hakuambiwa arudishe," akasema.

"Hapana."

"Bwana alimwambia tu nakuja kula kwako. Basi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama akasema."

Nikasema ndivyo. Akaomba kalamu na karatasi, akaandika kitu huku amekiziba kwa kiganja kama mtoto kwenye mtihani. Tukasali Baba Yetu, akaondoka.

Ijumaa

Hakuja. Nilimngoja hadi saa sita. Nina daftari zima la miaka yangu ya kazi lenye majina ya waliochelewa, lakini huyu angehitaji daftari lake peke yake.

Jumamosi

Kumbe ninamngoja mtu ambaye yuko kazini! Jirani wa juu kaniambia amemkuta kwa mama muuza dawa wa barabara ya pili, amelala chali chini ya sinki, anafumua bomba ambalo halijaharibika. Mama wa watu hakumwita wala hakulalamika. Fundi aligonga mlango tu, akasema, "Nimekuja kuirudia ile kazi."

Bomba zima linafumuliwa. Langu limekatwa nusu na linaning'inia.

Jumanne

Nilimngoja mlangoni, mikono kiunoni. Nikampa vidonge vyake kabla hajavua viatu. Akangoja nimalize, halafu akatoa ile karatasi mfukoni.

"Hawa ni wale niliowadhulumu, Mwalimu. Huyu nilimwekea koki kuukuu nikamwambia mpya. Huyu nilipaka gundi mahali pa kubadilisha bomba. Huyu nilimharibia mwenyewe ili aniite tena. Nyumba kumi na nne. Mara nne siwezi, ningezeeka. Lakini ile kazi naweza kuirudia, na safari hii iwe kazi."

Niliipitia karatasi, mistari yote. "Na mimi niko wapi?"

"Wewe sijakudhulumu. Wewe nimekuchelewesha tu." Akaikunja. "Wewe utakuwa wa mwisho."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mimi, msimamizi wake wa ubatizo, niko nambari kumi na tano kwenye foleni ya toba yake, na Zakayo nilimleta mwenyewe humu ndani. Mungu anisamehe, nilimwambia toba ina utaratibu wake, angeanza na sala. Akasema sala amesali, ndiyo iliyomwambia.

Jumapili ya tatu ya Kwaresima

Injili ya mwanamke Msamaria. Fundi kakaa nyuma na wakatekumeni wenzake. Nilipogeuka nikamwona ameinama mbele kama anasikiliza bomba linalovuja ndani ya ukuta.

Jumanne

"Yule mama aliuliza swali la kifundi," akaanza kabla hata hatujaketi. "Huna cha kutekea, kisima kirefu, hayo maji utayatoa wapi? Mimi ningeuliza vilevile. Na Bwana hakumjibu kifundi."

"Alikuwa akisema juu ya neema."

"Hilo nimelielewa. Ninachouliza ni mtungi. Kwa nini aliuacha pale kisimani?"

"Kwa haraka ya kwenda kuwaambia watu."

Akatikisa kichwa. "Mtu anayeteka maji haachi chombo kwa haraka, Mwalimu. Chombo ndiyo siku yake nzima. Ukikiacha kisimani ni kwamba unarudi. Alijua anarudi, na alijua yule mtu atakuwepo."

Nikasema inawezekana. Alipoondoka nilikasirika sana, maana ile sura nimeisoma kila Kwaresima na mtungi sikuwahi kuuona. Baada ya chakula nikaifungua tena, mimi peke yangu, bila mtu wa kumfundisha. Niliisoma polepole, kwa kidole. Chai ikapoa, na sikukumbuka kuidai sukari.

Jumatano

Majagi saba.

Ijumaa

Andika, mwanamke wewe. Andika vilevile ilivyokuwa.

Tulikuwa tunasoma Hotuba ya Mlimani. Tukafika pale unapoambiwa ukiwa na sadaka yako mbele ya madhabahu ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache, uende ukapatane naye kwanza. Fundi akanyanyua macho.

"Wewe uliwahi kuiacha?"

"Kuacha nini?"

"Sadaka. Uliwahi kutoka kanisani ukaenda kwa mtu?"

"Mimi sina mtu," nikasema.

Akanitazama. Hakuwa na ujeuri wowote, naapa, ila mshangao tu. "Basi ni kweli. Nilikuwa najiambia watu wa kanisani wa siku nyingi haya mmeshayamaliza."

Nilifunga Biblia kwa kishindo. Nikamwambia mtu asiyeweza kumaliza bomba moja asije kunipima mimi roho. Nikamwambia atoke. Akachukua kofia yake, akasema "samahani, Mwalimu," akatoka.

Nimesema uongo juu ya Injili iliyo wazi. Ninaye mtu. Ninaye mdogo wangu, wa tumbo moja, sisi wawili tu kwa mama yetu. Hatujasemeshana miaka sita.

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa akiugua kwa mdogo wangu. Mimi nilikuwa nasimamia usahihishaji wa mitihani ya taifa, mamia ya karatasi za watoto wa watu, sikuweza kuondoka tu. Mama akafariki Jumatano. Nilifika Jumamosi saa sita mchana nikakuta wanashindilia udongo. Hawakunisubiri! Nikasimama mbele ya waombolezaji wote nikamwambia mdogo wangu: "Umenizikia mama kama unafukia taka. Kuanzia leo sina mdogo." Nikageuka, nikaondoka na vumbi la safari miguuni.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mwenye neno juu ya mwenzake ni mimi, siyo yeye.

Jumamosi

Nimejaribu Baba Yetu. Nimefika penye kusamehewa kama sisi nasi tunavyosamehe, nikakwama. Nikaanza upya. Nikakwama pale pale. Sala niliyofundishwa na mama nikiwa na miaka minne, leo imenishinda kuimaliza.

Jumatatu

Nimekwenda kwa Padre kujiuzulu. Nikamwambia huyu mtu hafundishiki. Padre alikuwa anakwangua nta iliyoganda kwenye kinara, hakuinua hata uso.

"Sawa. Nenda kamwambie mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyenipa."

"Nilimpa yeye wewe," akasema, akaendelea kukwangua.

Mapadre!

Jumanne

Nilimtafuta fundi nyumba hadi nyumba, nikamkuta ya kumi na tatu. Kabla sijafika mlangoni nilisikia kelele. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama juu yake, kandambili mkononi, na yeye yuko chini ya karo, miguu tu inaonekana.

"Kwa hiyo uliniibia! Miaka minne mimi naweka ndoo hapa, nafuta sakafu asubuhi na jioni, kumbe ulijua!"

"Ndiyo, mama."

"Na ukanisalimia kila siku barabarani!"

"Ndiyo, mama. Nilikusalimia."

"Sasa unataka nikuambie asante?"

"Hapana, mama. Naomba tu unisogezee ile spana."

Yule mama akashusha kandambili. Halafu akaisogeza kwa mguu.

Nilisubiri kwenye ngazi mpaka akatoka, suruali imelowa hadi magotini. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kujiuzulu kwa namba, la kwanza mpaka la tano. Nikamuuliza badala yake: "Wote wamekutukana hivi?"

"Kumi na moja wamenitukana. Mmoja amenifungia mlango, nitarudi. Mmoja, yule mama muuza dawa, alinipa chai." Akakamua ukingo wa suruali. "Matusi nilijiandaa nayo, Mwalimu. Chai ndiyo iliyonitoa machozi."

Sikujiuzulu. Nilimwambia Ijumaa saa nne, asichelewe. Kisha nikashuka ngazi haraka, maana nami nilikuwa karibu kulia, na sipendi kulia mbele ya mtu niliyemfukuza kwangu.

Jumapili ya tano ya Kwaresima

Lazaro. Bwana anasema liondoeni jiwe, na Martha, dada mtu, anamkatalia: amekaa siku nne, ananuka. Anamweleza Mungu mambo ya usafi! Nilimdharau Martha miaka yote. Leo nimeona angekuwa mwalimu mzuri wa hesabu.

Jumatatu

Nimeamua. Nakwenda kesho. Fundi nimemwachia ujumbe kwa jirani kwamba hakuna somo.

Jumanne

Safari ya saa tatu. Mdogo wangu anafanya kazi posta. Nyumbani kwake sikuthubutu kwenda, nikaogopa mlango. Posta mlango uko wazi kwa kila mtu.

Nilichukua namba kwenye kile kimashine. Sitini na mbili. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya kijana mwenye bahasha na mama mwenye mtoto wa kikohozi, nikamtazama kupitia kioo. Amenenepa kidogo. Anavaa miwani sasa, na akigonga muhuri anauma mdomo wa chini kama mama alivyokuwa akikata uzi. Nilisali, kama ile inaitwa sala. Nilisema tu: Nishike nisitoroke.

"Namba sitini na mbili!"

Nikasogea dirishani. Hakuinua macho. "Unatuma au unapokea?"

"Nimekuja kukuomba msamaha, mdogo wangu," nikasema kwenye vile vitundu vya kioo.

Muhuri ukasimama hewani. Nyuma yangu foleni nzima ikasogea kusikiliza. Hata yule mtoto alimeza kikohozi.

"Hili ni dirisha la vifurushi, dada," akasema.

Dada. Miaka sita sijaitwa hivyo.

"Subiri nje mpaka saa saba," akaongeza. "Namba sitini na tatu!"

Saa saba alitoka kwa mlango wa nyuma na chombo chake cha chakula. Kuna benchi kando ya magunia ya barua. Tukakaa, chombo katikati yetu. Nikaanza hotuba yangu. Akanikata.

"Unakumbuka nilikupigia simu mara ngapi mama alipozidiwa?"

Nikasema mbili.

"Tano. Na kila mara uliniambia nini?"

Nilikumbuka. Ee Mungu, nilikumbuka hata sauti yangu yenyewe. "Nikimaliza bunda hili."

"Nikimaliza bunda hili. Mama alikuwa anauliza, yuko wapi? Nikamwambia yuko njiani. Siku tatu, dada. Siku tatu nilimdanganya mama yangu anayekufa ili asijue kwamba wewe unasahihisha. Alipofariki nikawazuia wazee Alhamisi, nikawazuia Ijumaa. Jumamosi, na lile joto, wakasema basi. Ndipo ukaja ukaniambia nimemfukia kama taka."

Nilitaka kusema ratiba, wizara, watoto wa watu. Maneno yote yalikuwepo, yamepangwa. Nikaona kama kuna mtu amelala chini ya karo anasema ndiyo, mama.

"Ndiyo," nikasema. "Niliogopa kumwona akifa, nikajificha nyuma ya yale mabunda. Halafu nikakuchukia wewe kwa sababu hukujificha."

Hakufungua kile chakula.

"Sijakusamehe," akasema. "Nataka ulijue hilo, usije ukapanda gari ukajidanganya."

"Nimelijua."

"Muda wangu umekwisha." Akafuta sketi, akaingia ndani.

Nimefika nyumbani jua limeshazama. Nimepiga magoti, na badala ya sala nikaanza ugomvi. Nikamwambia Mungu: Nimefanya ulivyosema, na haikusaidia kitu. Nikasubiri jibu nikiwa nimekunja uso. Halikuja neno. Ila sikuwa naongea na vigae. Hilo nalijua kama ninavyojua mbili na mbili. Alikuwepo, na hakuwa na haraka. Nikarudia Baba Yetu, nikaimaliza.

Jumatano

Nimelala hadi saa mbili. Sijawahi.

Jumapili ya Matawi

Tawi langu limemchoma mwanakwaya mmoja jichoni. Nimeomba radhi. Siku hizi naomba radhi kwa kila mtu, nimekuwa kero.

Jumatatu ya Juma Kuu

Zamu yangu imefika. Fundi kaja saa nne kamili na sanduku la vifaa. Kazi imechukua saa moja na nusu. Wiki saba na zaidi za majagi kwa kazi ya saa moja na nusu! Nilimwambia hivyo. Akasema ndiyo, Mwalimu.

Nikamsimulia habari za posta. Alinisikiliza akiwa anapiga plasta, hakuniambia nimefanya vizuri. Alisema tu, "Bila shaka alikula kile chakula jioni ile."

Alhamisi Kuu

Padre anaosha watu miguu, kanisa zima kimya, machozi yananilengalenga. Fundi kaninong'oneza: "Lile birika linavuja kwenye mkono."

Ijumaa Kuu

Fundi hakuuliza swali.

Jumapili ya Pasaka

Nimelala saa nne tu lakini nitaandika.

Tulianza gizani nje, moto ukawashwa, mshumaa mkubwa ukaingia mbele yetu. Masomo yalikuwa mengi, na safari hii sikuangalia saa. Fundi alikuwa na shati jeupe lenye mikunjo ya dukani. Tulipoitwa kwenye kisima cha ubatizo, akaniuliza kwa hofu ya kweli, "Nikisahau jibu?"

"Nitakuwa nyuma yako," nikamwambia.

Nikaweka mkono wa kuume begani mwake. Ni bega la mtu anayenyanyua matangi. Padre akauliza kama anamkataa shetani, akajibu kwa sauti iliyowashtua wazee wa mbele. Maji yalipomwagwa mara ya tatu alivuta pumzi kama aliyezuka kutoka chini, yakanichuruzika mimi pia hadi kiwikoni. Sikuyafuta.

Halafu sisi sote tukaulizwa ahadi zetu za ubatizo. Hizo nimezijibu maisha yangu yote kama mtu anayeitika mahudhurio. Jana nilichelewa. Nilitaka nilisikie neno kabla halijanitoka: nasadiki. Fundi akageuka kunitazama, maji yanamtiririka masikioni, akidhani mimi ndiye niliyesahau jibu.

Jumatatu ya Pasaka

Simu imelia nikiwa nafunga daftari hili nikidhani limekwisha. Ni mdogo wangu. Hakusalimia.

"Jumatano sina zamu," akasema. "Kaburi la mama limeota majani hadi msalaba hauonekani. Siwezi peke yangu."

"Nitakuja."

"Usije na maneno. Njoo na jembe."

"Nitakuja na jembe."

"Na uje mapema, kabla jua halijakaza."

Sikumuuliza mapema ni saa ngapi. Nitaondoka kesho jioni nilale kwenye nyumba ya wageni karibu na pale. Atakapofika, atanikuta.